Kuuza mahema na mashanta mtandaoni ukiwa Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina duka dogo Ngamiani. Nauza mahema, mashanta, mabegi ya kulalia, buti, makoti ya mvua, tochi za kichwani na majaketi okozi. Nusu ya mali ni mpya, nusu ni mitumba. Wauzaji wenzangu wa Lushoto, Muheza, Pangani na hata Moshi huniandikia wakitaka kujua ninavyotumia mitandao. Maswali yamekuwa yaleyale na vidole vimechoka, nikaona niyaweke hapa. Hamjambo lakini? Haya, tuendelee.

Hivi Tanga kuna mtu anayenunua hema?

Mama yangu aliuliza hivyo kabla yenu. Alisimama mlangoni akatazama mzigo wa kwanza, akasema, "Hema? Kwani unahamia porini?"

Wanunuzi wapo, ila hawapiti barabarani wakikodolea macho vioo vya maduka. Tazama tulipokaa. Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kutoka mjini. Juu ya Muheza kuna msitu wa Magoroto na ule wa Amani, ambako watafiti wa ndege na mimea hawakatiki. Ukipanda kutoka Mombo unafika Lushoto, na juu yake Magamba. Kusini kuna Pangani na kisiwa cha mchanga cha Maziwe, kisha Saadani, hifadhi inayopakana na bahari. Ongeza skauti, kambi za vijana wa makanisani na misikitini, wanafunzi wa likizo, na waendesha baiskeli, maana mji huu na baiskeli ni kama chai na kitumbua.

Msemo wetu mnaujua: Tanga, waja leo waondoka leo. Mteja wa hema naye ndivyo alivyo. Anashuka kwenye basi asubuhi, mchana yuko Mombo. Kama hakukuona kwenye simu yake jana usiku, huna habari kwamba alipita.

Nianzie mtandao gani?

WhatsApp, tena ile ya biashara. Ilitoka Januari 2018, ni ya bure, na katalogi yake inabeba hadi bidhaa 500. Mimi sijawahi kufika hata 90. Mteja wa kwetu hapendi kujaza fomu wala kubonyeza kapu la manunuzi. Anataka kuuliza "hilo la kijani bado lipo?" na ajibiwe na mtu.

Kuna jambo moja wengi hawalijui. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu 256, na ujumbe haumfikii mtu ambaye hakuhifadhi namba yako. Unaweza kutuma tangazo kwa watu 200 likafika kwa 30, ukabaki kulaumu mtandao. Mimi nikishamkabidhi mteja mzigo wake namwambia, "Hebu nihifadhi hapohapo, andika Mahema Tanga." Anahifadhi nikiwa namtazama. Huo ndio mtaji wangu kuliko wafuasi wote.

Instagram inafuata. Huko ndiko waliko watu wa Dar na Arusha, na waongoza watalii wanaotafuta mzigo wa jumla. TikTok inafaa kama una kijana mwenye subira ya kukata video, kwa sababu inapeleka kazi yako kwa watu wasiokufuata. Facebook wanaisema ya wazee, na wazee hao ndio walimu wa skauti wanaonunua mahema kumi kwa mkupuo, kwa hiyo usiidharau. X sipo, sina cha kusema.

Usifungue yote kwa siku moja. Ukurasa uliolala una sura ya duka lililofungwa.

Kwa nini hupendi "bei njoo inboksi"?

Kwa sababu nimekuwa mteja pia.

Unaona koti zuri. Unauliza bei. Unaambiwa njoo inboksi. Unakwenda, unakuta "mambo vipi mpendwa", unajibu salamu, unasubiri, unaletewa picha sita ulizokwisha kuziona, na bei inatajwa kesho yake wakati hamu imeisha. Wauzaji wenzangu wananieleza sababu mbili: mshindani asijue bei, na wapate nafasi ya kumpima mteja uwezo. Ya kwanza haina maana, mshindani anaweza kukupigia akajifanya mteja. Ya pili ni kweli, nayo ndiyo inayoniudhi. Mteja anajua kabisa kwamba anapimwa.

Mimi naandika chini ya picha: Hema la watu 2, mtumba, zipu nzima, fito moja imebadilishwa, Sh 85,000. Punguzo lipo kidogo ukija dukani. Mswahili hawezi kununua bila kupatana, ni starehe yake, kwa hiyo nafasi ya kupatana naiacha. Ila apatane akijua anakoanzia.

Nilipoanza kuweka bei, meseji zilipungua. Niliogopa. Baada ya mwezi nikagundua waliopungua ni waulizaji, wanunuzi walibaki.

Naweza kutumia picha za mtandaoni za kampuni iliyotengeneza?

Nilifanya hivyo mwanzoni. Niliposti hema la rangi ya chungwa, nyuma yake mlima mweupe wa barafu, na jamaa mwenye ndevu anakunywa kitu cha moto. Komenti ya kwanza: "Dada, Tanga theluji inanyesha lini?" Ya pili, ya tatu, wote vichekesho. Hema halikuuzika.

Masika yalipoingia, kijana wa kaka yangu akanishauri, "Shangazi, tulisimamishe nyuma ya nyumba." Tukalisimamisha uani Chumbageni, jioni mvua ikashuka kama inavyoshuka Aprili, ile ya kupiga bati mpaka hamsikilizani. Yeye akajifungia ndani na simu. Video ilikuwa na giza, sauti ya mvua ilimeza maneno yake, lakini alipapasa sakafu kwa kiganja akakielekeza kwenye tochi: kikavu. Sekunde 40. Kesho yake mwalimu mmoja wa Korogwe alichukua mawili.

Kwa hiyo picha zipige mwenyewe, mahali watu wanapopajua. Shanta liweke kwenye keria ya bodaboda ya Mombo. Koti la mvua livae ukiwa kwenye ukungu wa Magamba. Jaketi okozi mvalishe nahodha wa Pangani, kwa ridhaa yake. Piga asubuhi au alasiri, mchana wa pwani unaunguza rangi. Onyesha na ubaya: kiraka, doa, zipu inayogoma. Mteja akiuona ubaya kwako kabla hajalipa, hatauona kwake kama utapeli.

Na futa kioo cha kamera. Mafuta ya mihogo ndiyo adui wa kwanza wa upigaji picha Tanga.

Niandike nini zaidi ya "mzigo mpya umeingia"?

Hapa ndipo muuzaji wa vifaa vyetu anapotofautiana na muuzaji wa viatu vya harusi. Mteja wako hajui anachonunua, wala hilo si kosa lake. Ukimfundisha hadharani, anakuamini, na jirani yake aliyekuwa anasoma kimyakimya naye anakuamini. Posti zangu zilizoleta pesa karibu zote ni za kueleza kitu.

Mfano, ile namba ya milimita kwenye lebo ya hema. Ikisema 1,500 maana yake kitambaa kinahimili uzito wa maji yaliyosimama kwa kimo cha milimita 1,500 kabla hayajaanza kupenya. Kwa paa inatosha mvua nyingi. Kwa sakafu nashauri 3,000 kwenda juu, kwa sababu magoti na viwiko vinakandamiza kitambaa juu ya udongo uliolowa. Na hata kitambaa kizuri huvuja kwenye mishono kama haikuzibwa utepe. Nilipoposti hayo na picha ya mshono uliogeuzwa nje, watu walianza kuja dukani wakigeuza mahema yangu wenyewe. Nilijitengenezea wakaguzi.

Mfano mwingine, "hema la watu 2". Ni watu 2 waliolala ubavu bila mizigo. Mume na mke wenye mtoto wachukue la 3. Semeni hivyo mapema, vinginevyo mtalaumiwa kwa ugomvi wa ndoa.

Begi la kulalia nalo lina namba zake. Lebo nyingi zina nyuzi joto za aina mbili: za kulala kwa raha, na za mwisho, ambapo utavumilia tu. Wauzaji hupenda kutaja hizo za mwisho kwa kuwa zinavutia. Mimi nataja za raha. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari, na mtu wa Raskazone aliyezoea kulala na feni akipanda Julai anatetemeka kama kifaranga. Ukimwambia ukweli atanunua begi zito zaidi, na bei yake ni kubwa zaidi. Ukweli nao una faida.

Makampuni makubwa ya nje yanafanya nini ambacho naweza kuiga bila pesa?

Swali zuri, na nimelifuatilia kwa miaka.

REI ya Marekani ilianza 1938 kama ushirika wa wapanda milima 23 wa Seattle waliotaka vifaa bora kwa bei inayovumilika. Sisi tuliokulia mkoa wa mkonge na kahawa neno ushirika halitushangazi. Mwaka 2015 walifanya jambo la ajabu. Marekani kuna Ijumaa moja ya Novemba ambayo maduka huuza kuliko siku nyingine. REI wakafunga maduka yao yote 143 siku hiyo, wakawalipa wafanyakazi, wakawaambia watu watoke nje, kwa alama ya reli #OptOutside. Watu wakaanza kuposti picha zao milimani na mitoni kwa alama hiyo. Angalia ujanja: hakuna aliyeombwa anunue koti, lakini mtu akitoka nje atavaa nini?

Nami nilijaribu kwa kipimo changu. Tarehe 14 Oktoba, siku ya Nyerere, nilifunga duka nikaenda Magoroto na wateja tisa. Hakuna mauzo siku hiyo, nisiwadanganye, na nauli nilijilipia. Lakini kila mmoja alirudi na picha, na kila picha ilikuwa na shanta langu ndani yake. Wiki mbili nzima sikuhitaji kuposti kitu changu, nilikuwa naposti cha kwao.

GoPro ndiyo mfano wa pili. Ilianzishwa 2002, kamera yake ya kwanza ilitoka 2004 ikiwa ya filamu. Ilikua kwa sababu wateja walirusha video zao wenyewe, wa baiskeli, wa mawimbi, na kampuni ikazisambaza. Tangazo zuri linatengenezwa na mteja. Kazi yako ni kumwomba kwa adabu na kumtaja jina akitaka.

Wa tatu ni Patagonia, kampuni ya nguo za milimani. Novemba 2011 walitoa tangazo ukurasa mzima katika New York Times lenye picha ya koti lao na maneno ya kuwaambia watu wasilinunue. Walieleza kwamba kulitengeneza kunakula lita 135 za maji, na wakawasihi watu watengeneze nguo walizonazo kwanza. Niliposoma nilicheka, maana sisi wa mitumba tunaishi hivyo tangu zamani bila kujisifu. Tangu hapo kila Jumatano naposti matengenezo: fundi cherehani akibadili zipu, akishona mkanda wa shanta, soli ya buti ikibandikwa. Ni posti zinazoshirikishwa kuliko zote, na fundi sasa ana foleni mpaka ananinunia.

Nilipie matangazo?

Kidogo, na kwa jambo moja. Usilipie posti ya kila siku, lipia ile ambayo tayari imependwa bila kulipiwa. Chagua mkoa: mimi nachagua Tanga, Kilimanjaro na Dar, kwa siku nne tano kabla ya likizo za Juni na Desemba.

Lakini kumbuka mtandao ni nyumba ya kupanga. Juni 2020 The North Face, kampuni ya majaketi na mashanta, ilisitisha matangazo yake Facebook, REI na Patagonia wakafuata, katika kampeni ya kupinga chuki mtandaoni. Wao waliweza kuondoka na wateja wakawafuata walikokwenda. Wewe na mimi mwenye nyumba akibadili kufuli tunalala nje. Kwa hiyo nina daftari, la karatasi, lenye majina na namba za wateja waliokubali niwaandike, na alichonunua kila mmoja.

Vipi kumpa staa hema atangaze?

Mastaa wa Bongo wana wafuasi mamilioni, wengi wao wanapenda kiki na hawajawahi kulala nje ya nyumba kwa hiari. Nilimpa kijana mmoja maarufu wa mkoa mwingine shanta. Alilipiga picha kitandani. Kitandani! Tangu siku hiyo nawapa waongoza watalii wa Lushoto, wenye wafuasi mia nne tu, ambao mtu akiwauliza "buti hizi zinateleza?" wanajibu kwa kuwa walianguka nazo.

Niposti mara ngapi, na lini?

Fuata majira kuliko saa. Masika, Machi hadi Mei, nauza makoti, mifuniko ya shanta na turubai, ndipo napiga video za maji. Juni mpaka Agosti ni baridi ya milimani na likizo, mabegi ya kulalia yanatoka. Kaskazi ikipuliza Desemba, bahari ya watu wengi, majaketi okozi na miwani ya kuzamia. Watu wa Maziwe wanataka kujua maji yanapwa saa ngapi, kwa sababu kisiwa chenyewe ni mchanga na maji yakijaa hubaki kidogo sana. Ukiposti saa za kupwa kwa wiki nzima, watu watafungua stetasi yako kila asubuhi hata kama hawana mpango wa kununua.

Idadi? Stetasi kila siku, Instagram mara tatu kwa wiki. Mwezi wa Ramadhani naposti usiku baada ya tarawehe. Mchana nani ana nguvu za kutazama hema?

Kiswahili au Kiingereza?

Kiswahili. Namba na jina la bidhaa mgeni atazielewa. Mwenye swali nitamjibu kwa lugha yake.

Mzigo wa mitumba niuseme kuwa ni mtumba?

Ndiyo, kwa herufi kubwa. Belo huwezi kulichagua, lakini posti unaichagua. Tatizo kubwa si mtumba bali nakala. Soko limejaa mashanta mapya yenye nembo ya The North Face ambayo hayajawahi kuonana na kampuni hiyo. Kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, huzikamata. Ukiliposti umejipigia picha ya ushahidi mwenyewe. Kama huna hakika, ficha nembo, sema "shanta la lita 50, halina uhakika wa kampuni", uza kwa bei ya shanta.

Na hili tafadhali lisomeni mara mbili: mabaka ya jeshi msiyaposti wala msiyauze. Mabelo yanakuja na makoti, kofia na mashanta ya rangi za kijeshi. Kwa sheria zetu raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba watu wazisalimishe. Mteja wa kutoka nje anaweza asijue. Wewe unajua. Mwambie kabla hajatoka na kofia yake hotelini.

Mteja kaandika komenti mbaya. Niifute?

Matusi futa. Malalamiko jibu, palepale yalipoandikwa.

Dada mmoja aliandika chini ya picha yangu, "Hema lako linavuja, tumelowa wote Pangani, tapeli." Moyo ulinienda mbio. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kufuta. Kisha nikamwuliza, mbele ya watu: pole dada yangu, mlifunga madirisha ya hema? Akasema walifunga yote kwa kuogopa mbu. Mvua ilinyesha? Haikunyesha. Basi hapo jibu lilikuwa limejileta. Watu wanne wakipumua usiku kucha ndani ya hema lililofungwa, hewa ya pwani yenyewe imeshiba unyevu, mvuke unagonga kitambaa kilichopoa na kudondoka. Nikamweleza afungue matundu ya juu na ya chini, neti pekee inatosha kuzuia mbu. Alijaribu wiki iliyofuata, akarudi kuandika kwenye komenti ileile kwamba wameamka wakavu. Mazungumzo yale niliyabandika juu kabisa ya ukurasa.

Kuna mara nyingine kosa lilikuwa langu. Niliuza jaketi okozi la mtumba ambalo mkanda wake ulikuwa umeoza na jua, mteja akaliposti likiwa limekatika. Nilirudisha pesa, nikaandika wazi kwamba sikulikagua, na tangu hapo sipokei majaketi okozi ya mitumba kabisa. Kwenye bahari hakuna "pole".

Malipo ya mbali nayapokeaje bila kuibiwa?

Kwa lipa namba yenye jina la biashara, iliyoandikwa kwenye ukurasa, isiyobadilika. Wateja wetu wote wameshapata ile meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii", kwa hiyo ukimtumia namba mpya ghafla atakimbia, na ana haki. Nimewaandikia juu ya wasifu: hatuna namba nyingine, ukiletewa nyingine si sisi. Namba za matapeli unaweza kuzituma 15040, ni ya kuripoti.

Nawe usitoe mzigo kwa picha ya muamala. Picha zinatengenezwa. Angalia salio lako. Nilipoteza tochi tatu kujifunza hilo.

Risiti toa, leseni na TIN kuwa navyo. Duka la kwenye simu ni duka.

Mzigo unamfikiaje?

Kwa basi. Mteja wa Dar, Moshi au Arusha naandika jina na namba yake juu ya kifurushi kwa kalamu isiyofutika, napiga picha ya kifurushi na risiti ya basi, namtumia kabla gari halijatoka. Hema fungia kwenye kiroba au turubai. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na kifurushi kilichofungwa kwa rambo hakitakupa sifa. Mitungi midogo ya gesi usiifiche ndani ya mzigo wa basi. Mwambie anunue alipo.

Picha za wateja naweza kuposti bila kuuliza?

Hapana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Lakini hata bila sheria, fikiria mtu aliyeaga kazini kwamba anaumwa halafu umemposti anacheka Irente, kule Lushoto. Limenitokea. Watoto siposti nyuso zao hata mzazi akikubali.

Na video za angani?

Ndege nyuki inahitaji kusajiliwa na kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwenye hifadhi kuna vibali vingine juu yake. Usirushe ukitegemea huruma. Mji huu ulikwisha kuwa na habari yake na nyuki Novemba 1914, walipowatimua askari waliotumwa na Waingereza. Yatosha.

Akaunti ikidukuliwa?

Washa uthibitisho wa hatua mbili leo, kabla hujamaliza kusoma. Anayekuomba tarakimu zilizokuja kwa meseji, hata akijiita kampuni ya mtandao, ni mwizi. Nilizitoa mara moja, nikiwa na haraka na mteja mbele yangu, na ukurasa wangu wa kwanza ukaanza kuuza simu za bei chee kwa jina langu. Nilizunguka Ngamiani siku mbili nikiomba radhi. Daftari ndilo lililonirudishia wateja.

Porini hakuna mtandao. Wateja wataposti vipi?

Wataposti wakishuka. Hata hivyo mambo yanabadilika, Agosti 2022 TTCL walifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya Kilimanjaro. Kwetu Magamba kuna mahali simu inashika na mahali haishiki. Ninawauzia betri za akiba na kuwashauri wazime data, maana simu inayotafuta mnara usiku kucha asubuhi imekufa. Wakirudi kwenye mtandao Mombo, picha zinaingia kama mvua.

Nifunge duka nibaki mtandaoni tu?

Watu wananunua hema baada ya kuliingia. Buti baada ya kutembea nazo hatua kumi. Mimi nimepunguza chumba, sikukifunga. Nimebakisha hema moja limesimama muda wote, na watoto wa mtaa wanalitumia kama nyumba ya mchezo. Zipu yake nimebadili mara tatu.

Naweza kuja unionyeshe ana kwa ana?

Karibu sana, baada ya Alasiri. Ijumaa mchana tunafunga. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nipo Magamba na wateja, ukitaka kuja njoo na koti lako, ya kuazima yameisha.